Mia Tatu Juu ya Mia Nne

Watoto wa darasa langu la sita hapa Kasongo wamenipa jina, na wanadhani silijui. Wananiita Madamu Angalia-Chini. Kila mwaka tukifika kwenye somo la kugeuza sehemu kuwa asilimia, sauti yangu inapanda mpaka walimu wa madarasa mengine wanachungulia dirishani. "Ya juu mara mia, gawanya kwa ya chini! Ya chini yake mwenyewe, si ya jirani! Angalia chini!" Juzi mtoto mmoja alichukua tatu juu ya nne, akaigawanya kwa sita, kwa sababu sita ilikuwa kwenye hesabu iliyotangulia ubaoni. Nilimtazama mpaka akaanza kulia. Maskini, yeye alikosea tu. Mimi sikukosea.

Nina mdogo wangu wa kike, tumepishana mwaka mmoja. Alipozaliwa, baba alimpa jina la mama yake mzazi, na kwetu ukimpa mtoto jina la mtu, mtoto anakuwa ndiye yule mtu. Basi baba, mtu mzima na ndevu zake, alikuwa anakiita kile kitoto "mama". Mama ameamka? Mama amekula? Kuku akichinjwa, firigisi ni ya mwenye nyumba, kila mtu anajua. Lakini baba alikuwa anaikata nusu, nusu yake anakula, nusu anampa huyo "mama" yake. Mimi, mzaliwa wa kwanza, nilipewa jina la mtakatifu wa siku ile kwenye kalenda ya misheni, mtu ambaye hakuna hata mmoja nyumbani aliyejua alifanya nini. Mimi nilikuwa "we mutoto". We mutoto leta maji. We mutoto fukuza mbuzi. Aka! Nilimwonea wivu kabla sijajua kwamba kitu kile kinaitwa wivu.

Alipofikisha miaka saba, bibi yetu wa Lusangi, yule mwenye jina, alimwomba akaishi naye. Nilishangilia kimoyomoyo. Kumbe nilijidanganya, kwa maana mtu akiwa mbali ndiyo anatajwa zaidi. Kila jioni baba aliuliza kama kuna aliyetoka Lusangi, na kama mama, yaani mdogo wangu, ni mzima. Halafu mimi nikaanguka darasa la tano, nikalirudia, na mdogo wangu akanifikia. Mwaka ule tukawa wote darasa la sita, yeye kwenye shule ya Lusangi, mimi kwenye shule ya misheni ya kijijini kwetu.

Ndipo shangazi aliyekuwa anakaa Kasongo akatuma neno. Nyumbani kwake kulikuwa na kitanda kimoja kitupu, na shule ya sekondari iko jirani. Alikuwa tayari kumpokea mtoto mmoja tu. Baba akasema atakwenda mwenye asilimia kubwa, na hapo hakuna cha mukubwa wala mudogo. Mimi nikajua kwamba atakayebaki atashika jembe maisha yake yote.

Asilimia yangu ilitangazwa mbele ya wazazi wote uwanjani mwa kanisa: hamsini na tano. Nilikuwa nimepata alama mia tatu na thelathini juu ya mia sita. Watu walipiga makofi, lakini yalikuwa makofi ya kumsaidia mtu asilie.

Buletini ya mdogo wangu, karatasi yake ya matokeo, ililetwa na mtu wa pikipiki, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Mwenyewe alibaki kwa sababu bibi alikuwa anaumwa mguu. Baba alikuwa uani anapura mpunga. Alifungua ule mfuko kwa ncha za vidole, akasoma jina polepole, akatabasamu, halafu akashindwa. Baba alisoma Biblia ya Kiswahili bila shida, ila asilimia kwake yalikuwa mambo ya watu wa ofisi. Na kile kisanduku cha asilimia kilikuwa kitupu. Mwalimu wao alikuwa ameliacha darasa katikati ya mwaka, akakimbilia Salamabila kuchimba dhahabu. Masomo mawili yakakosa wa kuyafundisha. Direktere, mkuu wa shule, aliyakata kwa mstari mwekundu, akajumlisha yaliyobaki, akapiga muhuri, akaishia hapo.

"We mutoto," baba akasema, "nipigie hii hesabu. Mama iko na ngapi?"

Nilichukua mkaa, nikasimama mbele ya mlango wa ghala. Mia tatu juu ya mia nne. Hata sikuhitaji kuandika, ilikuja yenyewe kichwani: sabini na tano. Sabini na tano! Na mwalimu amewakimbia! Mimi mwalimu wangu alikuwepo kila siku na fimbo yake, na niliyapata yale ya kupigiwa makofi ya huruma. Nilimwona tayari kwenye kitanda cha shangazi, na baba akipanda baiskeli kila mwezi kwenda kumsalimia mama yake. Mkono ukaandika: mia tatu mara mia, gawanya kwa mia sita. Hamsini.

Baba aliacha kupura. Alitazama mlango, akatazama buletini.

"Hii mia sita imetoka wapi?"

"Darasa la sita ni vile, baba. Darasa la sita, mia sita."

Kisha akaikunja ile karatasi, akaingia ndani, na nikasikia sanduku lake la bati likifungwa.

"Basi utaenda weye," akasema alipotoka, akarudi kwenye mpunga wake.

Mdogo wangu alikuja wiki mbili baadaye. Siku zile sikulala vizuri, nilimfuata karibu kila alipokwenda, hata kisimani, nisikie atamwambia nini baba. Hakuniuliza kitu. Siku ya safari yeye ndiye aliyefunga mkeka wangu kwenye pikipiki, akaukaza kwa mpira, akanipa ndizi mbili za njiani.

Nilisoma, nikapata diploma, nikawa mwalimu. Mngedhani wivu uliisha. Wapi! Kila nikirudi likizo niliwakuta wale wawili shambani, wanacheka kitu chao, na nikifika wananyamaza. Yeye aliolewa Lusangi, analima mpunga, ana watoto sita, mikono yake imekuwa migumu. Mimi nina chaki na mshahara wa mwalimu, na bado nilikuwa namwonea wivu.

Baba alifariki mwaka jana. Baada ya matanga tulikaa chini mimi na mdogo wangu tu, tukafungua sanduku lake. Kadi za ubatizo, koti la harusi, na chini kabisa ile buletini. Nilitaka kuifunika kwa koti. Lakini kile kisanduku cha asilimia hakikuwa kitupu tena. Kulikuwa na namba kwa kalamu ya risasi, mwandiko mdogo wa kitoto: 75.

"Nani ameandika hii?" nikauliza, na nilijua.

"Mimi, yaya. Likizo ile ile." Bado ananiita yaya, dada mkubwa. Alikuwa anakunja mashati ya baba, wala hakuacha. "Nilikuta hesabu yako ya mkaa mlangoni. Nikamuonyesha baba."

"Baba alijua?"

"Alijua kabla sijamuonyesha. Alisema uliposema ile mia sita, ulikuwa unaangalia miguu yako."

Mama yangu wee! Kumbe hata wizi wangu walinipa wao. Miaka yote ile walikuwa na siri yao wawili, na siri yenyewe ni mimi.

"Sasa kwa nini hakukutuma weye?" Sauti yangu ilikuwa imepanda kama ya darasani.

"Nililia, yaya, usizani sikulia. Akaniita kando. Akasema: 'Weye ni mama. Mama hagombanie sahani na mutoto wake. Muache aende.'" Akanyoosha kola ya shati kwa kiganja. "Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Nikasema ndiyo."

Nilikaa pale nikiliwaza jina lile la "mama" nililolitamani tangu utoto. Firigisi ilikuwa nusu. Shule ilikuwa nzima, na ni mimi niliyeila.

Akaichukua ile karatasi mikononi mwangu, akailainisha gotini, akaniinamia kidogo.

"Yaya, weye ni mwalimu," akasema. "Hii hesabu niliipata? Mwalimu wetu alikuwa amekwenda. Hakuna mutu aliyeniambia."

Niliangalia chini. Mia nne.

"Uliipata," nikamwambia. "Ni sabini na tano."