Kipande cha nyama nilichomeza Lopur baada ya kansa ya koo

Wakuu, salamu kutoka Lodwar. Haya yamenipata mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi. Hata ningeongeza nisingeisikia, maana ulimi wangu bado haujarudi sawasawa.

Mimi ni afisa wa mifugo. Kwetu ni Bungoma, lakini mvi zimeniotea huku Turkana.

2012 nilipatikana na kansa ya koo. Sivuti, sinywi. Daktari akasema imeletwa na virusi vya HPV. Kuna jamaa walisikia "virusi" wakaanza kunionea huruma kwa ugonjwa mwingine kabisa. Nikawaacha na huruma yao.

Nikapigwa mionzi na chemo Nairobi, kansa ikaisha. Wengi hudhani kazi inaishia hapo.

Mate yalikauka. Hebu fikiria kinywa kisicho na mate kwenye joto la Lodwar! Nikawa mtu wa uji na maziwa.

Hospitali walinifunza kumeza upya kama mtoto: kidevu kifuani, meza kwa nguvu, meza tena, shushia maji. Wakaniruhusu kujaribu nyama kidogo kidogo. Woga ukakataa. Na nilivyokuwa nakunja uso nikimeza, niliona aibu, so nilikula peke yangu.

Nikaamua kuomba transfer. Kazi yetu huku ni kukaa na wafugaji, na kukaa nao ni kula nao. Afisa asiyekula na watu atafanya kazi gani?

Kabla sijaomba, 2013, nikatumwa Lopur, karibu na Kakuma, kukagua mbuzi wa mzee anaitwa Ekai. Mnunuzi alikuwa Deng, mtu wa Sudan Kusini mwenye bucha kwenye kambi ya wakimbizi. Nikakagua, nikatangaza mbele ya wote kwamba mbuzi ni wazima.

Ekai kwa furaha akachinja mmoja, akachoma. Kipande cha kwanza akanipa mimi mgeni, kisha akawagawia Deng na wazee waliokuwepo.

Nikasema asante, nimeshiba.

Wanaume wote wakarudisha nyama zao chini. Deng akasimama.

"Daktari ya mbuzi amekataa mbuzi," akasema. "Mimi hapana nunua. Hii iko na ugonjwa."

Wakuu, nilitamani ardhi inimeze! Nikaeleza habari ya koo langu.

Deng akacheka. "Koo inaongea mzuri hivi, nyama ndio inashinda?"

Ekai hakucheka. "Daktari, kama mbuzi yangu iko sawa, kula."

Ukame ulikuwa umembana mzee, hao mbuzi lazima wauzwe. Na soko lake lilikuwa linaharibika kwa sababu ya aibu yangu.

Nikaomba kisu. Nikakata kadogo, nikatafuna hadi taya zikauma, huku napiga mafunda ya maji. Kidevu kifuani, watu wote macho kwangu. Nikameza.

Kikakwama.

Machozi yakanitoka. Nikameza tena kwa nguvu zote, nikashushia maji.

Kikashuka!

Nikafungua mdomo wazi waone hakuna kitu. Wazee wakapiga kelele, Ekai akanishika mkono, "Ejok! Ejok, daktari!" yaani vizuri, vizuri. Deng naye akaketi, akajivutia mguu mzima. Mbuzi akanunua wote.

Mimi nikaomba kipande kingine. Wenzangu walimaliza zamani, mimi bado natafuna, na hakuna aliyeinuka. Wakapiga soga tu wakinisubiri. Nililia mbele yao na sikuona haya. Ladha ilikuwa hafifu, lakini nilifurahi kuliko siku niliyoambiwa kansa imeisha.

Transfer sikuomba tena. Siku hizi nikialikwa natangaza mapema: mimi hula polepole, na nikikunja uso msiogope, mbuzi ni mzima.

Nilichojifunza: kupona ni kitu kimoja, kurudi kuishi ni kingine. Msikimbilie nyama kabla hospitali haijawaruhusu. Ila wakisharuhusu, msijifiche.

Kama una mtu wako ametoka kwenye mionzi na anakula kwa kujificha, niandikie hapa anakwamia wapi, tusaidiane. Na leo kaa naye. Usiinuke hadi amalize.