Nyota Iliyofutwa na Jicho

Pale kwenye kiwanda cha uchapaji walimwita Jicho, na jina hilo alilipata kwa haki. Picha ikija na vumbi, doa au mkwaruzo, yeye ndiye aliyeisafisha kwenye kompyuta kabla haijachapwa, na zamani haukumpita hata unywele mmoja. Zamani, nasema. Sasa macho yalikuwa yameingia ukungu, na aliyejua ni mkewe peke yake, tena alikatazwa kufungua mdomo. Ikijulikana tu, kazi imeota mbawa, na binti yao mdogo bado yuko chuoni.

Basi akajitungia ujanja. Kwa kuwa vumbi hakuweza kuliona, alipitisha brashi pana ya kompyuta kwenye sehemu yote yenye giza, kitakachofutika kifutike, potelea mbali. Kwa matangazo ya sabuni na mabati haikuwa na neno. Lakini ikaja picha ya galaksi, imejiviringa kama maji yanayoingia kwenye tundu la sinki, ya jalada la kitabu cha mwalimu mmoja wa elimu ya nyota. Jicho akapitisha brashi yake pembeni kote, akampelekea bosi, akaenda zake kunywa chai.

Jamani, hiyo ndiyo chai yake ya mwisho kuteremka vizuri. Mwalimu alikuja mwenyewe kukagua nakala ya majaribio, akaitazama, akauliza nyota iko wapi. Akaeleza kwamba ukingoni mwa galaksi ile kulikuwa na nyota moja inayong'aa kupita kiasi, na hakuna mtaalamu aliyeweza kusema ni kitu gani. Kitabu kizima kiliihusu hiyo. Bosi akamwita Jicho.

Jicho akapima haraka. Akisema aliiona akaifuta, ni mzembe. Akisema hakuiona, ameumbuka. Akachagua uzembe, maana mzembe huonywa, asiyeona huagwa. Akasema aliiona vizuri tu, ila alidhani ni vumbi. Bosi akafoka mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Jicho akainamisha kichwa, na moyoni akaanza kushukuru kwamba yamepita.

Mwalimu hakufoka. Alitandaza picha ya asili mezani, chini ya taa. Hakuwa na ubaya wowote, alitaka tu nyota irudishwe mahali pake hasa.

"Nionyeshe ulipoifuta, fundi."

Jicho akainama. Aliona weupe uliojiviringa, na pembeni ukungu mtupu. Akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi. Akabahatisha, akaweka kidole.

Kisha mwalimu akakishika kile kidole taratibu, kama anayemfundisha mtoto kuandika, akakivusha hadi upande wa pili wa picha.

"Ni hii hapa, mzee wangu."

"Eeh, ndiyo hiyo hiyo," Jicho akasema haraka, huku akijilazimisha kucheka.

Bosi hakuwa akiitazama picha tena. Alikuwa akimtazama yeye, machoni.