Kofia ya Kauboi Penye Azaa

Unguja nilikuwa na jina. Nilivaa kofia ya kauboi yenye ukingo mpana, nikapiga gita na kuimba nyimbo za farasi, reli na wanawake walioondoka, ingawa farasi mwenyewe sijapata kumpanda. Watu walipenda zaidi ile sauti ya kupasua koo, inayopanda na kushuka kama mlango usiotiwa mafuta. Nililipwa kwa sauti hiyo. Si sana, lakini nililipwa.

Tulipohamia Matrah, Omani, baada ya mapinduzi, jina lilibaki kule. Kofia ilikuja. Mama mkwe alikuwa ameshamwambia kaka yake, aliyetupokea nyumbani kwake, kwamba mimi ni mfanyabiashara wa nguo.

"Mwimbaji hapa hana uso," aliniambia. "Nshakutafutia heshima, usije ukanivua nguo mbele ya watu."

Basi nikauza vitambaa sokoni kweli, nikilalia bei na kulaliwa, na gita nikalilaza chini ya kitanda. Wakubwa wa siku zile hawakutaka muziki wa hadharani, hata hivyo. Kaka yake huyo, ambaye na mimi nilimwita Mjomba kama mke wangu, alikaa Pemba ujanani na Kiswahili chake kilitoka kooni. Alinisifu katika kila baraza: "Mkwe wetu ana mkono wa biashara!" Kila akinisifu nilijikunja kama kitambaa rahisi kilichofuliwa mara ya kwanza.

Kisha ikaja arusi ya binamu yake mke wangu. Wanawake waliotoka Unguja wakamtaka kauboi wao.

"Ndani, milango imefungwa, nani atajua?" alisema mke wangu. "Pita msikiti, utaona majamvi."

Alasiri nikatia gita katika gunia la ndimu kavu. Nilipopita msikiti nikaona nyumba imetandikwa majamvi ndani, wanaume wamekaa, sinia la halua, dele la kahawa linazunguka. Kwetu vitu hivyo pamoja maana yake furaha. Nikavaa kofia, nikachomoa gita na kuingia kama nilivyozoea kuingia jukwaani: sauti mbele, mwili nyuma. Nikaipasua koo mara moja, ndefu.

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya kilemba. Pembeni yake, Mjomba.

"Kaa," aliniambia kwa Kiswahili. "Na uvue hilo dude."

Nikakaa, kofia mapajani. Mmiminaji akanijazia kikombe, nikanywa. Akajaza tena, nikanywa. Nikadhani ndiyo adhabu yenyewe. Hapa mtu akitosheka hutikisa kikombe, na hakuna aliyeniambia. Mimi nihesabuye kila kitu mara mbili, vikombe vile vilinipotea hesabu. Mwishowe Mjomba akakichukua mkononi mwangu, akakitikisa yeye, akanitoa nje.

"Hii azaa, matanga. Mzee kafiwa na mkewe," alisema. "Nawe umemwimbia."

"Mjomba, nilidhani arusi."

"Arusi nyumba ya tatu. Na hiyo biashara ya nguo je?"

"Nauza, Mjomba. Wewe mwenyewe wanijua."

"Nnakuuliza Unguja."

Nikatafuta bei ya kuanzia, nikaikosa. "Unguja niliimba."

Akaitazama kofia. "Na sauti ile, watu walikuwa wakiilipia?"

"Wakilipa, Mjomba."

"Ajabu," alisema, akarudi ndani.

Nilikwenda arusini kwa kuwa nilikuwa nimeahidi. Niliimba kichwa wazi, chini chini, nikiogopa sauti ivuke ukuta hadi kwa wafiwa.

"Leo vipi, shemeji?" akapaza sauti mwanamke mmoja. "Arusi hii au hitima?"

Asubuhi nilikuwa nimeshafunga mizigo moyoni. Mjomba akaja mlangoni na fimbo yake.

"Twende ukamtake radhi mwenzako. Bila ya kofia."

Mama mkwe alinitazama tukitoka, akavuta mtandio usoni, na hilo liliniuma kuliko tusi. Wanaume walikuwa wamekaa vilevile, majamvi yale yale. Mjomba akanisimamisha mbele ya mfiwa, akasema kwa Kiarabu, polepole ili nami nielewe:

"Huyu mkwe wetu. Anauza vitambaa." Nikayaona macho ya wote. "Na ni mwimbaji."

Nikaomba radhi kwa Kiarabu changu kibovu. Mzee alinitazama sana, kisha akanisogezea kahawa kwa mkono wake mwenyewe. Nikanywa kimoja, nikatikisa kikombe.

Mpaka leo sijui kama Mjomba alinipandisha bei au alinishusha. Siku ile sikubishana.