Amplifaya ya Baba na Sauti ya Mama

Harufu ya vumbi linaloungua hunikunjisha uso hadi leo. Ndiyo iliyokuwa harufu ya Ijumaa nyumbani kwetu Chumbageni, baada ya chakula cha mchana, baba alipowasha amplifaya yake na sisi wote tukatakiwa kukaa kimya mpaka ipate moto. Ipate moto kwanza, alisema, ndipo sauti ifunguke. Lilikuwa dude zito la rangi ya fedha, na juu yake palikuwa na kitambaa cheupe alichokifuma mama kwa mkono, maana kwetu kitu cha thamani hakikai uchi. Redio ilifunikwa, jagi lilifunikwa, hata viti vilivaa nguo nzuri kuliko sisi watoto. Kwamba yale matundu ya juu yaliwekwa ili joto litoke, hakuna aliyejiuliza. Baba aliyaziba kwa heshima zote, halafu akashangaa kwa nini dude linazimika lenyewe.

Sitasema uongo, likiamka vizuri lilikuwa na sauti nene na tamu, na udi ukipigwa ungedhani mpigaji amekaa mkekani pamoja nanyi. Tatizo ni kwamba kuamka vizuri kwake kulikuwa kwa kubahatisha. Spika ya kushoto ilikata ilipojisikia, kitufe cha sauti kilikwaruza, na chini ya kila wimbo kulikuwa na mvumo kama nzi aliyefungiwa kwenye chupa. Baba alilizaba kofi ubavuni, akalaumu chumvi ya bahari, akaendelea kutuambia kwamba Tanga nzima hakuna mtambo kama huo. Mama alikuwa mtu wa Pangani, wa nyumba ya waimbaji wa harusi, na mara nyingine alijisahau jikoni akaanza kuufuatisha wimbo. Hapo baba aliinua mkono bila hata kugeuka. "Mama Zuhura, hebu nyamaza tusikilize muziki." Mama alinyamaza, na nzi wa baba akaendelea kuvuma. Nililichukia dude lile kuliko nilivyoichukia shubiri.

Dada Zuhura alipoposwa, mama aliomba jambo moja tu, waitwe wapiga ngoma wa kwao Pangani. Baba alikataa. Atawezaje kuita watu wa kupiga ngozi za mbuzi na ndani ana mtambo? Siku ya harusi dude likatolewa uani, likawekwa mezani mbele ya wanawake, kitambaa kimefuliwa na kutiwa wanga hadi kimekakamaa, na juu yake, kwa kukamilisha ujinga, likawekwa fungu la asumini. Wimbo wa kumtoa bibi harusi haukufika nusu. Lilitoa moshi, likakohoa, likafa. Baba alikuja mbio katikati ya wanawake waliojitanda upesi upesi, akaanza kulizaba makofi, na wageni wakacheka mpaka wakashikana mabega. Zuhura alikuwa amesimama mlangoni na shela yake, wanja unaanza kumchuruzika. Kutolewa nje kimya kimya kama maiti, aibu hiyo ingemfuata mpaka uzeeni.

Mama akachukua sinia la wali, akamwaga makombo, akaligeuza na kuanza kulipiga. Kisha akaimba. Miaka yote ile nilikuwa nikiishi na sauti ile na sikuijua. Haikungoja ipate moto. Ilipanda moja kwa moja, wanawake wakaipokea kwa vigelegele, na dada yangu akatoka akitembea taratibu, kichwa juu. Baba alibaki pembeni, ameshika kitambaa kilichoungua. Ungetegemea ajifunze kitu. Wiki haikupita, dude likapelekwa kwa fundi, na Ijumaa ilipofika mkono ukainuliwa tena. Tangu Ijumaa hiyo mama hakuimba tena mbele yetu mpaka alipofariki. Katika nyumba iliyojaa kaseti hadi mvunguni mwa kitanda, hakuna hata moja yenye sauti yake.

Leo dude liko Raskazone, kwa kaka yangu Nassoro. Siku hizi vitu vya zamani ni fasheni, na watu wazima wanasema vina roho. Fundi amebadilisha matumbo yote, hivyo kilichobaki cha zamani ni boksi na majivuno. Ijumaa iliyopita Nassoro alinialika nikalisikilize. Nililikuta limefunikwa kitambaa. Tulikaa, tukangoja lipate moto, harufu ile ile ikanifikia, na wimbo ukaanza pamoja na nzi wake, ambaye hata fundi hakumtoa. Kutoka jikoni wifi yangu, akikaanga samaki, akaanza kuufuatisha taratibu, kwa sauti nzuri tu. Nassoro akainua mkono bila kugeuka.

"Hebu nyamaza kidogo, tusikilize."

Nikainuka, nikachomoa plagi ukutani.

"Endelea, wifi," nikamwambia. "Tunakusikiliza."