Omolo Aliyeuawa Kwenye Picha

Usiku ule mimi na mwanangu Joash tulingoja habari kutoka hospitali. Omolo, jirani yetu katika landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli hapa Nakuru, alikuwa na homa siku ya tisa. Akifa, watu watasema Joash ndiye amemuua. Wengine walikuwa wameshaanza.

Joash alikuwa karani wa stoo ya mizigo, lakini kazi iliyomla ilikuwa kuandika hadithi za mauaji. Daftari arobaini na moja kwa miaka sita. Zilitembea nyumba kwa nyumba mpaka Elburgon, zikarudi bila majalada. Kila maiti alipewa jina la mtu wa landhi. Joash alisema jina la kubuni halimlizi mtu.

Watu walipenda. "Karani, mimi utaniua lini?" Milcah muuza chai aliuawa mara mbili akajivuna. Mimi sikucheka. Kwetu kifo hakiitwi kwa jina la mtu aliye hai.

Mwaka wa 1957 watu wa gari la sinema walimwomba awaandikie picha za sinema. Akaandika tatu. Ya tatu, ya wezi wa behewa, ilionyeshwa uwanjani kwenye shuka. Ndani ya picha mwanamke mmoja akamwinamia maiti: "Omolo! Omolo wangu!" Adero, mke wa Omolo, aliondoka kabla haijaisha. Wiki iliyofuata mumewe akaanguka kazini.

Jioni ya siku ya tisa Adero alikuja kwetu. Hakukaa.

"Karani, ulimwandika amekufa. Sasa mwandike amepona."

"Shemeji, ile ni hadithi tu."

"Na hii iwe hadithi tu. Andika."

Akaandika mpaka alfajiri. Mimi nilikunja blanketi lile lile, nikalikunjua, nikalikunja tena. Sikuwa na machozi wala maombi.

Asubuhi Kosgei, msimamizi wa landhi, akapiga hodi na habari: homa ya Omolo imeshuka. Joash alifunga daftari akaenda kazini.

Omolo aliporudi nyumbani tulikwenda kumjulia hali. Mimi nilibeba kuku. Joash akabisha.

"Nani?"

"Ni mimi Joash, kaka. Nimekuja kukuona."

Ndani mtu akakohoa.

"Adero," sauti ya Omolo ikasema polepole, "mwambie Omolo alikufa. Si aliandika mwenyewe?"

Joash alibaki amesimama, daftari la usiku ule kwapani. Tukasikia mlango ukitiwa komeo kwa ndani.