Ng'ombe wa Mahari Hawatoi Kibali

Nilikuwa na miaka ishirini na nne, mwanangu, siku maafisa wa uhamiaji walipomchukua mume wangu Kato karakanani kwake Mabatini, mikono bado ina grisi. Kato ni Mganda, fundi wa injini za boti. Mimi nina mimba, shule yangu darasa la nne, nauza dagaa. Nikakimbilia kwa baba, Buswelu.

Baba hakuogopa hata kidogo! Alivaa koti lake la kanisani, akashika fimbo, tukaenda ofisini kwao.

"Huyu kijana ni wangu," akasema kwa sauti ya kuita mifugo. "Ametoa ng'ombe, wako zizini. Wengine wameshazaa!"

Afisa, mama mmoja mpole, akamwamkia kwanza. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nipeni mkwe wangu."

"Baba, hao ng'ombe hawana shida na sisi. Mkwe wako ndiye hana kibali."

Ofisi nzima ikacheka, hata Kato pale kwenye benchi! Mimi nililia. Kwetu Wasukuma ng'ombe wakishapokelewa na watu wakala, ndoa imeshakamilika. Yule mama akatueleza: ndoa isajiliwe, cheti kipatikane, ndipo kibali kiombwe. Kato akapewa wiki moja atoke nchini. Akavuka mpaka wa Mutukula kurudi kwao, nami nikabaki na tumbo langu, majirani wakinicheka: "Huyo harudi. Tafuta Msukuma mwenzio!"

Alirudi! Safari hii na pasipoti iliyogongwa muhuri. Tukatangaza ndoa kwa mkuu wa wilaya, tukasubiri wiki tatu, tukafunga, tumbo limenitangulia kama ndilo bibi harusi! Kibali kilipotoka, baba alichinja mmoja wa ng'ombe wale wale. Mtoto akazaliwa baba yake yupo.

Basi sikia, wewe uliyependa mtu wa nje. Mahari toeni, ngoma chezeni. Lakini sajilini ndoa, ombeni kibali kabla hamjaulizwa, na kama anafanya kazi, ulizeni na cha kazi. Usimsikilize jirani, nenda ofisini kwenyewe, sheria hubadilika. Mimi tarehe ya kibali kuisha naiandika kwa mkaa ukutani jikoni. Mungu akupe nyumba ambayo mlango ukigongwa hakuna anayeshtuka.

Leo nina nyumba Buswelu, boti mbili, mashine ya kusaga Nyakato, na ng'ombe tisa wa uzao ule ule. Na Kato, huyo hapo chumbani anakoroma, kibali chake bado hai.