Jina la Aliyesema Ndiyo

Iko Jumapili moja ambayo imekataa kutoka kichwani mwangu, mwanangu, na wewe ndiye uliyeiamsha. Wiki iliyopita ulikuja hapa unacheka, ukaniambia unaacha kazi ya ghala kule bandarini Port Botany kwa sababu serikali imeipenda kampuni yako ya usafi. Nilikuuliza imeipenda vipi, ukanijibu kwa Kiingereza kama kawaida yako, ukaondoka kabla chai haijapoa. Leo kaa. Zima hiyo simu. Maandazi ni ya jana na sitayapasha moto.

Ulikuwa mwaka wa kwanza wa korona. Nilikuwa bado kijana wa miaka hamsini na kitu, usicheke, magoti yalikuwa yanakubali kusimama kutwa nzima. Makanisa yalikuwa yamefungwa, kila familia inasali sebuleni mbele ya simu, pasta anaganda mdomo wazi katikati ya mahubiri kwa sababu ya mtandao. Hospitali zilikuwa zinalalamika hazina magauni ya kujikinga. Serikali kuu ya Australia ikatangaza inayanunua, na kwamba hata wafanyabiashara wadogo wa hapa nchini walete maombi yao.

Sisi tulikuwa na karakana ya kushonea mtaani Granville, nyuma ya duka la matairi. Mwenyewe alikuwa Mama Sifa, mwenzangu wa kwetu Uvira, mwanamke mwenye moyo mkubwa na sauti kubwa kuliko moyo. Akina mama tulikuwa tunakuja jioni baada ya kazi zetu, tunashona sare za kwaya, nguo za arusi na mapazia. Mimi nilikuwa mkataji wa kitambaa. Mama mzazi wa Mama Sifa, Bibi Tereza, alikuwa anakaa dirishani anashona vifungo na kutukatiza umbea wetu unaponoga. Na kwenye mashine ya ovaloki, ile ya kuzibia kingo za kitambaa, alikuwa Goreti.

Goreti ndiye ninayetaka umjue. Ni Mrundi, amekulia kambini Tanzania, mtu wa maneno machache. Mchana alikuwa anahudumia wazee katika nyumba ya wazee Merrylands, na alikuwa ameitafuta kazi hiyo miaka mingi mpaka akapewa ya kudumu. Mama yake alikuwa bado kambini. Watu waliokuwa wanamsaidia na maombi ya kumleta huku walimwonya jambo moja tu: asiiache kazi ya kudumu, kwa sababu bila hiyo hakuna atakayeamini kwamba ataweza kumtunza. Goreti alikuwa ameshamnunulia mama yake koti zito la baridi. Lilikuwa linaning'inia nyuma ya mlango wa chumba chake, na lebo yake bado iko shingoni.

Mama Sifa akaomba ile tenda. Ilimchosha kweli. Walitaka bima, walitaka vyeti vya kitambaa, walitaka picha za karakana, akatufagilisha mara mbili. Baada ya muda ukaja ujumbe kwenye kompyuta: asante kwa ombi lenu, limepita hatua ya kwanza, tuambieni mnaweza kutoa magauni mangapi kwa wiki na mko tayari kuanza lini. Mwishoni hapakuwa na jina la mtu. Palikuwa pameandikwa Timu ya Manunuzi.

Sasa hapo, mwanangu, Mzungu angesoma akasema, vizuri, wameuliza swali. Sisi tulisoma kwa macho mengine. Unajua desturi yetu ya ushuhuda. Mtu akiona mlango umefunguka kidogo tu, anasimama kanisani anashuhudia kana kwamba ameshaingia na kukaa, na kanisa zima linaitikia amina. Ukishashuhudia huwezi kurudi nyuma. Kurudi nyuma ni kusema mbele ya watu kwamba huna imani na Mungu.

Jumapili hiyo pasta akauliza nani ana neno la shukrani. Mama Sifa akajitokeza kwenye simu zetu, kilemba kimefungwa vizuri, machozi yanamtoka, akasema serikali ya Australia imetupa kazi, sisi wakimbizi, tuwashonee madaktari wao. Vigelegele vikatoka katika kila nyumba. Mimi mwenyewe nilipiga mpaka jirani akagonga ukuta. Ilikuwa furaha ya kweli, sitaki kukudanganya, na nikiikumbuka naumia.

Kesho yake tukakutana karakanani. Ili kuijibu serikali ilibidi tuwe na watu wa kushona mchana kutwa. Na nyumba za wazee wakati huo zilikuwa zimewabana wafanyakazi wao: kila mtu abaki mahali pamoja pa kazi, asije akabeba ugonjwa kutoka huku kwenda kule. Kwa hiyo Goreti ilibidi achague. Akasema atapiga simu hapohapo kuaga Merrylands, maana ushuhuda umeshatolewa na yeye hataki awe ndiye mwenye mashaka. Tena alikuwa anawaza kwamba mshonaji wa serikali akiomba kumleta mama yake atasikilizwa haraka kuliko mfanyakazi wa wazee. Hakuna aliyemwambia hivyo. Aliwaza mwenyewe.

Bibi Tereza akaweka sindano chini.

"Nipeni jina ya ule mutu alisema ndiyo," akasema.

Mama Sifa akamwonyesha kompyuta. Bibi akasema hajauliza kompyuta, ameuliza mtu. Ni mwanamume au mwanamke? Ana cheo gani? Nani kati yetu amesikia sauti yake? Mama Sifa akamjibu kwa upole, kama mtu anavyomjibu mzazi mbele ya wageni:

"Mama, hapa si Uvira. Huku serikali haina jina, ni timu."

"Sawa. Na ile timu ikikataa, mutaenda kulia kwa nani?"

Tulicheka. Si kwa dharau, tulicheka jinsi watu wanavyocheka mzee akiuliza kama ndege ina breki. Goreti alicheka pia, akainuka, akatoka nje kwenye matairi kupiga simu yake.

Tukaanza kusubiri. Tulikuwa tumejibu siku ileile. Tukashona magauni ya mfano, ya buluu, safi kabisa, tukayapanga kwenye maboksi. Mama Sifa akawa anapiga simu Canberra. Kila mara anapokea kijana mwingine, anamuuliza hali yake, anamshukuru kwa uvumilivu, anamwambia ombi lipo na linashughulikiwa. Adabu walikuwa nayo tele. Mama Sifa akikata simu alikuwa anatuambia wamesema vizuri, na sisi tunarudi kwenye mashine.

Halafu jibu likaja. Lilikuwa fupi. Serikali imepata mahitaji yake kwa msambazaji mwingine, inatushukuru kwa juhudi zetu katika kipindi hiki kigumu, inatutakia heri. Timu ya Manunuzi. Mama Sifa akalisoma kwa sauti mpaka mwisho, kisha akaenda chooni akakaa huko. Bibi Tereza alivua miwani akaifuta, akaivaa tena, akaendelea na kifungo chake.

Goreti alirudi Merrylands kuomba nafasi yake. Walimpokea vizuri, hao nao hawana kosa. Walimwambia nafasi ina mtu tayari, ila watampigia siku wanapokuwa na upungufu. Akawa mtu wa kuitwa. Leo anaitwa, kesho haitwi. Wale wa maombi ya mama yake wakamwambia basi tusubiri kwanza mpaka upate kazi ya kudumu. Mama hakusubiri. Aliugua kambini msimu wa mvua, akafa.

Siku ya maziko Goreti alikuja karakanani kwa sababu hakutaka kuwa peke yake. Mama Sifa alikuwa hawezi kumtazama, akabaki kwenye gari. Tukakaa juu ya yale maboksi ya magauni, mimi na yeye, tukatazama kwenye simu yangu watu wakitembea kwenye udongo mwekundu, jeneza likitokea na kupotea. Picha ikakatika kabla ya kufukia. Nilijaribu kuirudisha, haikurudi. Goreti akaniuliza, bila machozi:

"Mama Bahati, nimkasirikie nani?"

Mwanangu, nilitafuta. Mama Sifa alitaka kutuinua sote. Pasta aliomba ushuhuda, na ushuhuda ni kazi yake. Wale vijana wa simu walikuwa wanasoma tu yaliyo mbele yao. Nilitafuta jina la kumpa hata moja ili apate pa kupeleka uchungu wake, nikakosa. Niliona kwamba hili ndilo Bibi Tereza alilotuuliza, na sisi tulicheka.

Sina mwisho mzuri wa kukupa. Karakana imefungwa. Yale magauni akina mama wa jikoni wanayavaa kwenye arusi wakipika sombe, kisamvu chetu, ukiyaona usiulize. Mama Sifa siku hizi akikaa kanisani anaimba, lakini hashuhudii tena. Goreti alipewa kazi ya kudumu mwaka uliofuata. Anayo mpaka leo. Hana tena wa kumleta.

Kwa hiyo nisikilize. Serikali ikikwambia imevutiwa, jibu asante, kisha rudi ghalani kwako kesho asubuhi. Uliza anayeamua ni nani. Uliza jina lake, uliza atasaini lini, na mpaka asaini, hujapewa kitu, umeulizwa swali tu. Mwamini Mungu kwa moyo wako wote, lakini Timu ya Manunuzi si Mungu, usiishuhudie. Na usimwambie mtu yeyote habari njema ambayo bado haijawa yako, kwa sababu wewe utakuwa unafurahi tu, na mwenzako atatoka nje kupiga simu ya kuacha kazi. Sikuambii usijaribu. Hata sisi hatukukosea kujaribu.

Haya, kula andazi. Bwana akutunze katika nchi hii ambayo inakushukuru hata inapokufungia mlango. Akupe kazi isiyokunyima usingizi, na mama yako akuone ukizeeka. Akukutanishe na watu wenye majina. Na siku utakapoambiwa ndiyo, Mungu akujalie uwe unamwona usoni anayeisema.